Masika ya Kujaribu Kamusi

Machi 3, Jumatatu

Leo tulikuwa kliniki ya macho. Daktari amesema presha ya macho ya Mwikwabe imeshuka, lakini kilichoharibika hakirudi. Jicho la kushoto linaona mwanga tu. La kulia bado lina tundu katikati, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na tundu lenyewe linazidi kufunga. Nikauliza lini. Akasema hawezi kutaja tarehe, huenda kabla ya mwaka kuisha. Akanishauri niandike kila siku kama matone yametiwa, na mgonjwa anaona nini. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Matone nayaandika kurasa za nyuma. Huku mbele nitaandika mengine.

Tulipofika nyumbani Mwikwabe alivua viatu akaketi. Kisha akauliza kama kuna maziwa ya chai.

Machi 5

Niandike hali ilivyo, nisije nikasoma baadaye nikajidanganya. Mimi nafanya kazi katika saiba ya Hemed hapa Migori mjini: nachapa, naskani, nawajazia watu fomu za serikali. Mwikwabe ni mfasiri. Anatoa Kiingereza na Kiswahili, anaweka Kikuria: vipeperushi vya afya, maelezo ya mbegu, matangazo ya redio. Yeye ni Mkuria wa Isebania, mimi ni Mjaluo wa Homa Bay. Tangu tuoane tunazungumza Kiswahili ndani ya nyumba, maana hakuna aliyekubali kushindwa. Binti yetu Joyline ameolewa mbali, tumebaki wawili.

Kamusi zake zimejaza rafu nzima. Leo nimemkuta amezipanga upya kwa ukubwa ili azitambue kwa mkono. Kuzitambua anazitambua. Kuzisoma hawezi.

"Mama Joyline, simu inaweza kunisomea kamusi?"

"Simu siku hizi inasoma kila kitu," nikamwambia. Nilisema tu.

Machi 8

Nimewasha kisoma skrini kwenye simu yake. Ni sauti ya mwanamke: ukigusa kitu anakitaja, ukigusa mara mbili kinafunguka. Mwikwabe amejifunza haraka kuliko nilivyotarajia. Kisha nikamwekea kamusi ya kwanza niliyoipata, PDF ya kitabu kilichopigwa skani. Akagusa ukurasa. Yule mwanamke akasema, "Picha." Akafunua mwingine. "Picha." Akaenda mpaka herufi M, na kamusi yote ilikuwa na neno moja.

Alicheka. Nami nikacheka.

Machi 12

Vumbi. Mawingu yanapita kuelekea ziwani bila kushuka.

Machi 16, Jumapili

Nimejifunza kwamba kamusi ya simu si kitu kimoja. Kuna faili yenye maneno, na kuna programu ya kuifungua, na si kila programu inafungua kila faili. Nimeamua kuzijaribu moja moja, nilinganishe, kisha nimchagulie.

Nimeanza na aina inayoitwa StarDict. Hizi ni faili tatu zenye jina moja na mikia tofauti: moja inaeleza kamusi ni ipi, moja ni faharasa, moja ndiyo yenye maana zenyewe. Moja ikisahaulika wakati wa kuhamisha, programu inadai hakuna kamusi. Nilisahau moja, nikapoteza saa nzima nikiilaumu simu. Programu niliyoitumia nimeipa jina la Njano, kwa rangi ya alama yake.

Njano inataja orodha ya maneno vizuri. Ukifungua neno, kimya. Mimi naona maana imeandikwa pale, ila kisoma skrini hakiioni.

Nilimwachia Mwikwabe simu nikaenda kufua. Niliporudi nikamuuliza inakwendaje.

"Iko sawa," akasema.

"Maana inasoma?"

"Nikigusa polepole, inasoma."

Nikafikiri labda kidole chake kina subira kuliko changu.

Machi 19

Mvua ya kwanza, fupi. Mama yangu angesema chwiri, masika yenyewe, imefika. Wenye mashamba wamekimbilia mbegu.

Machi 23

Dada yake Mwikwabe, Bhoke, amepiga simu kutoka Isebania. Ana duka la vitenge pale karibu na mpaka, na ana desturi ya kuongea kana kwamba yuko ng'ambo ya barabara.

"Wifi, mrudishe huyu mtu nyumbani. Hiyo kompyuta ndiyo imemmaliza macho."

Nikamweleza kwamba ni presha ya macho, inapanda ndani, inaua mshipa wa kuonea.

"Sawa, nimesikia. Lakini kompyuta pia."

Sikubishana. Bhoke hunifanya niwe mtu wa maneno machache.

Machi 30

Aina ya pili: MDX. Maneno yamo katika faili moja, na faili mwenzake, MDD, inabeba picha na sauti. Inapendeza. Rangi, mistari, vichwa vya habari, spika ndogo ya kubonyeza usikie neno likitamkwa. Kasoro yake ni kwamba imefungwa. Ukiona kosa la herufi moja huwezi kulirekebisha ndani yake, itabidi uijenge upya kutoka mwanzo. Programu yake ni ya bluu. Kisoma skrini kikifika juu ya vitufe vya Bluu kinasema, "Kitufe, hakina lebo." Cha pili vilevile. Cha tatu vilevile. Ni kama kuingia ofisi ambayo kila mlango umeandikwa mlango.

Mwikwabe ameijaribu jioni nzima.

"Iko sawa," amesema. "Hii ni nzuri kushinda ile."

Nimeandika hivyo kwenye jedwali langu: Bluu, yafaa kuliko Njano.

Aprili 2

Mvua.

Aprili 3

Mvua. Saiba haina stima. Hemed amekaa mlangoni akihesabu matone ya paa lililotoboka. Ameniambia kwamba kompyuta za kazi si za kuchezea kamusi za nyumbani. Hemed ni mtu wa Vanga kule pwani, na hata akikugombeza Kiswahili chake kinasikika kama anakukaribisha. Ubahili ni ubahili lakini.

Aprili 6

Aina ya tatu inaitwa Slob. Faili moja tu, haina mikia wala mwenzake, unaituma kwa Bluetooth mtu akiwa amesimama. Programu yake hufungua hiyo aina peke yake. Nimeipenda. Mwikwabe amesema iko sawa.

Nikamwomba sasa anipe orodha yake mwenyewe, ile ya Kikuria kwa Kiswahili aliyoikusanya tangu akiwa mwalimu wa msingi. Imo kwenye Word, maneno maelfu. Ana namna yake ya kuandika: huweka nukta mbili juu ya e na juu ya o kila sauti inapofunguka, maana bila hizo, anasema, maneno mawili tofauti yanavaa nguo moja. Nimeigeuza ikawa Slob na StarDict. Mara ya kwanza nukta zote ziligeuka alama za kuuliza kwa sababu nilihifadhi vibaya. Mara ya pili zikakaa.

Nukta zinaonekana. Ila yule mwanamke wa kisoma skrini ni Mswahili, na Kiswahili kina irabu tano. Anazipita nukta kama hajaziona, na maneno mawili yanatoka mdomoni mwake yakiwa moja.

"Unayatofautishaje?" nikauliza.

"Nayajua," akasema.

Aprili 10

Okari amepiga simu. Huyu ni msimamizi wa ofisi moja ya misaada kule Homa Bay. Mito imejaa, wanaogopa kipindupindu, wanataka matangazo ya tahadhari kwa Kijaluo, Kikisii na Kikuria. Wafasiri wote watakaa ukumbi mmoja siku mbili ili maneno yalingane. Alikuwa amesikia habari za macho.

"Nina kamusi zangu zote kwenye simu," Mwikwabe alimwambia. "Hakuna shida."

Aliposema hivyo mgongo wake ulinyooka. Niliona fahari, nikajipa sehemu yangu.

Aprili 13

Matone yanawasha. Tundu la jicho la kulia, anasema, sasa ni kama la ufunguo.

Aprili 18, Ijumaa Kuu

Mvua kutwa. Barabara ya kwenda Masara imekatika, wachimba dhahabu wamekwama mjini na wamejaa saiba kutazama mpira. Mwikwabe amenyoa ndevu kwa kugusagusa. Amejikata mahali pamoja.

Aprili 25, Ijumaa, Homa Bay

Naandika nikiwa kwa mama. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Ukumbi ulikuwa wa hoteli, madirisha yanatazama ziwa. Tulikuwa watu kumi na kitu kuzunguka meza. Mimi niliruhusiwa kukaa kama mwongozaji wake. Jana ilikwenda vizuri, kwa kuwa siku nzima walikuwa wakibishana juu ya Kiswahili chenyewe. Leo asubuhi ikafika sentensi ya kuhara. Okari akaeleza kwamba tangazo litasikika wakati wa chakula, mbele ya wakwe na watoto, kwa hiyo wanataka neno ambalo mtu mzima anaweza kulisikia bila kuinama. Mjaluo akatoa lake. Mkisii akatoa lake. Wakamgeukia Mwikwabe.

"Nipeni dakika niangalie kamusi," akasema, akatoa simu.

Alikuwa amefungua sauti mpaka mwisho. Akagusa. "Kitufe, hakina lebo," ikasema simu. Akagusa pembeni. "Kitufe, hakina lebo." Watu wakangoja kwa adabu. Akateleza kidole chini. "Kitufe, hakina lebo." Akafika kwenye maneno, likatajwa neno la mbuzi, likatajwa la daraja, akafungua moja, kimya. Akarudi. "Kitufe, hakina lebo." Sikujua nitazame wapi. Nilitazama kidole chake. Hakikuwa kidole cha mtu aliyewahi kuitumia ile programu. Kilikuwa kinatangatanga kama cha mtu anayetafuta swichi katika nyumba ya wageni.

Kisha akafanya jambo kwa wepesi kabisa, bila kukosea hata mguso. Alipiga simu. Spika ilikuwa wazi, nayo ikaitikiwa mara moja.

"Ee, leo ni neno gani tena?" Ilikuwa Bhoke. Ukumbi wote ulimsikia. "Wewe na maneno yako kila asubuhi! Mke wako bado hajajua?"

Mwikwabe akamjibu kwa Kikuria, taratibu. Bhoke akatoa neno, akalifafanua, akatoa na la pili la kuwahurumia wazee. Okari aliyaandika yote mawili. Yalikuwa maneno mazuri, kila mtu alikubali. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Wakati wa chai Okari alitusogeza kando. "Mwalimu, umetusaidia sana. Lakini pumzika sasa. Tutatafuta mtu wa kumalizia."

"Nimeelewa," Mwikwabe akasema.

Tukatoka. Mvua ikatukamata kabla hatujafika mbali, tukasimama chini ya paa la mwanamke anayekausha omena, dagaa wa ziwani, aliyekuwa akizifunika kwa turubai huku akilalamika peke yake.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu ile ya njano."

"Kwa hiyo zote."

"Zote."

"Hakuna hata moja iliyokusomea maana?"

"Slob ilinisomea kidogo. Halafu ikaniacha."

"Na kwa nini ulisema iko sawa? Nilikuwa nakuuliza, Mwikwabe. Nilikuwa nakuuliza kila mara."

Alifuta simu kwa ncha ya shati. Mvua ilikuwa ikipiga turubai. "Ningesema hapana, ungetafuta nyingine. Ningesema hapana, ungetafuta nyingine. Siku moja zingeisha. Nilitaka ziwe bado ziko za kujaribu."

Hasira yangu ilikuwa ya mtu wa jedwali. Wiki baada ya wiki nimelinganisha faili na programu, na safu ya mwisho, ile ya mtumiaji anasemaje, ilikuwa uongo mtupu kutoka juu mpaka chini. Nikashangaa kwamba hilo ndilo lililoniuma kwanza. La Bhoke liliniuma baadaye, nilipokuwa nakula.

Aprili 27

Tumerudi Migori. Tunazungumza mambo ya lazima.

Aprili 28

Mvua.

Aprili 30

Mvua. Matone nimemtia mimi. Ameinua uso, nimetia, ameshusha uso.

Mei 3

Bhoke amekuja bila kutangaza, na mfuko wa mahindi mabichi. Mwikwabe alikuwa amelala. Nikamkaribisha kwa ustaarabu wote nilionao, na si mwingi.

"Umekasirika," akasema.

"Sijakasirika."

"Umekasirika, wifi. Hata mimi ningekasirika." Akaketi jikoni, akaanza kumenya mahindi bila kuombwa. "Ananipigia ukiwa umeenda kuchota maji. Mwanzo nilifikiri anaumwa na upweke. Nikamwambia, si umwambie mke wako hiyo simu haisemi? Akasema, dada, anafurahi sana akinionyesha mpya."

"Ulisema nimrudishe nyumbani."

"Nilisema. Nani mwingine angemtunza? Sikujua kama wewe ni mtu wa kutunza. Ulikuwa unaniambia tu mambo ya mishipa."

Tukamenya mahindi. Nilitaka aendelee kuwa yule mwanamke wa kwenye simu anayepayuka, lakini mikono yake ilikuwa inafanya kazi yangu.

"Neno ambalo anakuuliza," nikamwambia, "unalijuaje?"

"Si nauza vitenge? Wamama wote wanapita kwangu. Huyu anasema hivi, yule wa ng'ambo Sirare anasema vile. Nayasikia."

Mei 4, Jumapili

Nimemkalisha Mwikwabe mezani, Bhoke akiwa pale. Nimefuta jedwali lote. Nikampa Njano.

"Iko sawa?"

"Mama Joyline, mimi..."

"Iko sawa?"

"Hapana," akasema. "Maana haisomi hata ukiibembeleza."

"Bluu?"

"Hapana. Bluu ni mbaya sana."

Bhoke akaanza kucheka, naye Mwikwabe akazidi kupata nguvu. Hapana, orodha ni ndefu na haina pa kurukia. Hapana, ikifungua neno huwezi kurudi ulipokuwa. Hapana, na huyu mwanamke anatamka Kikuria kama mgeni aliyeshuka basi jana. Niliandika mpaka mkono ukachoka. Ndio ulinganisho wa kwanza wa kweli kufanyika katika nyumba hii.

Mei 9

Aina ya nne, ambayo nilikuwa nimeipuuza kwa sababu haina urembo: DSL. Ni maandishi matupu. Neno linaanza ukingoni, maana inaingia ndani kidogo kwenye mstari unaofuata, na alama za kupanga zimo ndani ya mabano ya mraba. Inafunguka kwa programu yoyote ya kuandikia. Maana yake ni kwamba Mwikwabe anaweza kuisikiliza mstari kwa mstari kwenye kompyuta na kuirekebisha yeye mwenyewe, bila mimi. Tena DSL hukubali kuelekezwa kwenye faili ya sauti: unaweka jina lake kati ya mabano, neno linapata mdomo.

Alipogundua anaweza kuifuta koma kwa mkono wake mwenyewe, alifuta koma jioni nzima.

Mei 11

Programu inayofungua DSL pamoja na sauti ni ya kijivu. Inasoma maana. Vitufe vyake havina lebo, kama vya Bluu. Anayeitengeneza ameweka anwani yake pale chini. Nimemwandikia, nikaeleza kila kitufe kiko wapi na kingepaswa kuitwaje. Sijui anaishi nchi gani.

Mei 14

Kurekodi sauti ya Bhoke. Ni yeye, au ni yule mgeni aliyeshuka basi jana.

Nyumba yetu ni ya mabati. Bhoke akisema neno, mvua nayo inasema lake. Tukangoja ikatike. Ikakatika, jogoo wa jirani akaanza. Jogoo akanyamaza, mvua ikarudi.

Mei 15

Vivyo hivyo. Maneno machache tu.

Mei 17

Nimemweleza Hemed kwa nini nina macho mekundu. Nilitarajia mahubiri juu ya kompyuta za kazi. Akanitazama, akachukua ufunguo.

"Bi Phelesia, chumba cha karatasi hakina mwangwi. Marobota yamepangwa mpaka darini, hata adhana ukiwa mle huisikii vyema. Mpeleke wifi yako huko. Na mzee mpatie kiti changu, hicho cha plastiki kinalia."

Nikasema ahsante. Akasema mwenye kushukuriwa ni Mungu, kisha akaenda kumgombeza mteja.

Mei 18 hadi 24

Tumekuwa chumba cha karatasi kila siku baada ya kazi. Bhoke amemwachia binti yake duka. Mwikwabe anataja maana kwa Kiswahili, Bhoke anatoa neno, mimi nakata sauti na kuipa jina. Leo waligombana. Mwikwabe anasema irabu ya neno fulani inafunguka. Bhoke anasema inafunga, na kwamba ndivyo mama yao alivyosema mpaka anakufa.

"Mama alitoka ukoo mwingine," Mwikwabe akasema.

"Kwa hiyo mama hakujua kuongea?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo kwenye mashine. Wifi, icheze tusikie."

Nikaicheza. Ilikuwa imerekodi ugomvi wote, na neno lenyewe limo ndani mara nyingi, kwa matamshi yote mawili. Mwikwabe akasikiliza hadi mwisho, akasema yaingie yote, kila moja na sauti yake. Bhoke akasema sawa, lakini la mama liwe la kwanza. Likawa la kwanza.

Mei 27

Mwikwabe ameacha kuuliza kama taa imewashwa.

Mei 29

Mtengenezaji wa programu ya kijivu amejibu. Barua fupi, ya adabu: hakuwa amejua, ametoa toleo jipya. Nimelipakua. Mwikwabe akagusa pembeni. "Tafuta," ikasema simu. Akagusa kando. "Rudi." Akagusa chini. "Cheza sauti." Akabonyeza, na Bhoke akatoka ndani ya simu akisema neno la daraja kwa sauti ya kuvuka barabara.

Sikumuuliza kama iko sawa. Alikuwa ameshakwenda neno la pili.

Juni 3

Okari amepiga simu, amezungumza nami. Wale waliomalizia kazi wamemaliza vibaya, tangazo la Kikuria limerudishwa na redio. Nilikuwa nimemhesabu Okari kuwa mtu mkavu. Akasema siku ile alimwondoa Mwikwabe kwa sababu alimwona anatoka jasho, na yeye mwenyewe ana baba asiyeona, hakuweza kuendelea kutazama. "Nilifanya haraka," akasema. "Mwambie nauliza kama atakubali. Mwambie achukue muda wake."

Nikampa Mwikwabe simu amwambie mwenyewe.

Juni 6

Ameenda Homa Bay na Bhoke, mimi nimebaki kazini. Saiba imejaa wanafunzi wanaotafuta nafasi za vyuo.

Juni 8

Wamerudi. Tangazo limesomwa leo, saa ya chakula cha mchana. Hemed alifungua redio saiba nzima isikie ingawa hakuna aliyeelewa Kikuria isipokuwa mwendesha boda mmoja aliyengoja fotokopi. Yule kijana alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo anaongea kama kwetu," akachukua fotokopi zake akaenda.

Juni 12

Mvua zimeanza kuachana. Leo jua kutwa. Kliniki: hakuna mabadiliko, maana hakuna tena cha kubadilika. Daktari amesema matone yaendelee ili macho yasiume. Nilipomshika mkono kushuka ngazi, Mwikwabe aliniuliza nimevaa nguo gani. Nikamwambia. Akasema anaikumbuka.

Juni 15, Jumapili

Baada ya chakula ameniita mezani. DSL yake ilikuwa wazi kwenye kompyuta.

"Nataka kuongeza lugha ya tatu," akasema. "Kila neno liwe na Kijaluo chake. Nitahitaji sauti yako."

"Kuna Wajaluo wengi wenye sauti nzuri."

"Najua."

Nikafikiria kukataa. Kijaluo changu nimekiacha kwa mama, nikienda nakivaa, nikirudi nakivua. Nikavuta kinasa sauti karibu. Jirani hakuwa na jogoo tena, walimla wiki iliyopita.

Tulianza na mwili. Kichwa nikasema. Mkono nikasema. Yeye alirudia kila neno kabla ya kuandika, na alikosea, nikamwambia hapana, akarudia.

"Jicho," akasema.

"Wang'."

"Wang'," akasema. Mara ya kwanza ilikuwa kama ya mtu aliyepaliwa. Mara ya tatu ikawa sawasawa. Akaandika. "Na uso?"

"Wang'."

Vidole vyake vikasimama juu ya herufi. "Hilo ni jicho."

"Ni uso pia."

"Neno moja?"

"Neno moja. Andika maana mbili."

Akageuka upande wangu. Alikosea kidogo, alitazama bega langu. Nikaushika mkono wake nikauweka shavuni, pale ambapo neno lilikuwa.

"Sema tena," akasema, "nirekodi."

Nikasema.